Mpako Usio na Mpaka

Karabük, mwezi wa pili. Theluji imeshika masizi
kabla haijagusa ardhi.
Chini ya ngazi, chumba namba tisa,
Binnaz anaibana boriti kwenye jiriwa:
ncha moja imekabwa, nyingine i huru
kama ulimi.

Nyundo yake ndogo, kichwa cha mpira,
ungedhani ni ya daktari wa magoti.
Anagonga mara moja.
Boriti haijui kuficha. Papo hapo
inataja jina lake: kwanza kwa sauti nene,
kisha nyembamba juu ya ile nene,
na kompyuta inainua vilima vitatu.
Cha nne ni tetesi tu.

Hii ya kwanza ni chuma peke yake.
Debe tupu, tunaambiwa, haliachi kuvuma;
lakini hiki si kitupu, kimeshiba, kizito,
na bado kinavuma, kinavuma
mpaka akiguse kwa kidole.

Ya pili imepakwa kauri, rangi ya mfupa,
imebandikwa kama chokaa ukutani.
Tanurini chuma hutanuka, kauri hukaidi.
Wamelala kitanda kimoja
na mstari katikati.
Ufa huanzia pale. Jumatatu iliyopita
ganda lilibanduka, likadondoka,
likalia sakafuni kama kikombe cha chai.

Ya tatu ndiyo iliyomnyima usingizi.
Chini kabisa ni chuma kitupu.
Panda unene wa unywele: chuma tisini, kauri kumi.
Panda tena: sabini, thelathini.
Panda, panda, hadi juu, ambako moto hupiga hodi
na hakuna chuma cha kuufungulia.
Iulize chembe yoyote, Wewe wa ukoo gani?
Itakujibu: inategemea unaniulizia wapi.
Mpako usio na mpaka.

Hesabu zake zilisema hezi mia mbili kumi na nne.
Boriti inasema mia mbili na tisa.
Amerudia mara kumi na saba.
Amelaumu unga wa kauri, amelaumu fundi wa tanuri,
usiku amejilaumu mwenyewe.

Saa sita baba yake anashuka ngazi
na mkate, na chupa ya figili za siki.
Satılmış, miaka thelathini na mmoja
ndani ya matumbo ya maboila,
akishikilia ribiti upande wa ndani
huku wenzake wakipiga kwa nje.
Hasikii hata mlango.
Anachukua rula ya mbao, upande mmoja mezani
chini ya jiriwa, upande mwingine anaung'ata,
kisha kwa nyusi anamwambia binti: gonga.

Anagonga.
Mzee anafumba macho.
Anahamisha rula, anang'ata tena.
"Hii yako inasahau upesi," anasema, kwa sauti kubwa mno,
sauti ya mtu anayeongea na kiwanda.
"Ni nzuri. Haina kinyongo.
Ila jiriwa inasaga meno."

Spana. Robo mzunguko, haikufika hata nusu.
Mia mbili kumi na tatu, nukta nane.

Binnaz hacheki, halii, anaandika.
Halafu anauliza kwa mikono, kama walivyozoea:
lini, baba? Siku gani masikio yalikufa?
Mzee anatafuna figili, anafikiri kwa haki.
Hakukuwa na siku, anasema.
Kwanza shomoro walipungua.
Kisha mama yako akawa ananong'ona.
Kisha wewe ulizaliwa, nikakusikia kidogo,
nadhani nilikusikia,
au ilikuwa kifua changu tu kikitetemeka
nilipokubeba.

Boriti imenyamaza kitambo.
Mzee bado ameiwekea kiganja,
na haondoi.